Pixhawk 6X na Cube Orange+ kwenye droni za mota sita na nane: bakapu ya kweli iko wapi?

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi ndo mnachotafuta. Hizi bodi mbili, yaani kompyuta ndogo za kuendesha droni, ni nzuri, tena nzuri sana, na kama droni yako ina uzito wa kumuumiza mtu mi nasema usishuke chini ya kiwango hiki. Ila ile sifa inayotangazwa kila mahali kwamba zina akiba mara tatu, hiyo inahusu sensa tu. Haihusu ndege. Mtu anasoma tatu tatu tatu kwenye boksi, anaamini ndege nzima ina roho tatu, kumbe kuna sehemu kadhaa bado zina roho moja na hajazigusa kabisa, na droni ikija kuanguka inaangukia hukohuko.

Nimezitumia zote, Cube iko kwenye heksa, yaani droni ya mota sita, 6X iko kwenye X8, yaani mikono minne mota nane, kila mkono una moja juu na moja chini. Firimwea, yaani programu inayoendesha ndege ndani ya bodi, ni ArduPilot, kwahiyo mengi humu ni ya upande huo, PX4 ambayo ni programu nyingine ya kazi hiyohiyo nitaitaja pale inapobidi.

Tuanze na kinachofanya kazi vizuri, IMU. Hii ndo chipu yenye jairo na akselerometa, inayoiambia ndege imeinama kiasi gani na inazunguka kwa kasi gani, na droni ya mota nyingi bila hiyo haikai hewani hata sekunde moja, maana kwa asili yake haina utulivu wowote, sio kama ndege ya mabawa ambayo ukiiachia inateleza kidogo. Ukiwa na IMU moja ikidanganya umeisha. Ukiwa na mbili unajua kuna ubishi ila hujui nani mkweli. Ukiwa na tatu unaweza kupiga kura, na ndo maana hizi bodi zote mbili zimewekewa tatu.

Sasa ArduPilot haipigi kura tu juu juu, inafanya kitu kizuri zaidi, kila IMU inaweza kupewa hesabu yake nzima ya EKF, yaani hesabu ya kukadiria ndege iko wapi na imekaaje, wenyewe wanaita leni, halafu kila leni inakuwa inajikosoa muda wote kwa kulinganisha inachodhani na kile GPS na baromita na kompasi zinachosema. Leni inayotumika ikianza kupotea na ikawepo nyingine yenye afya zaidi, ndege inahamia hiyo bila kukuuliza, unaona tu ujumbe wa EKF3 lane switch kwenye skrini. Na ukiiwasha ile setingi ya affinity basi kila leni unaweza kuipa GPS yake, baromita yake na kompasi yake, badala ya zote kunywa kwenye chanzo kimoja. Watu wengi wananunua GPS mbili na hii hawaiwashi, wakati bila hiyo GPS ikianza kudanganya taratibu leni zote zinadanganywa pamoja na hakuna wa kumkosoa mwenzake.

Halafu kuna kitu ambacho mi nakipenda kuliko vyote na sielewi kwanini hakisemwi zaidi: unaweza kuweka swichi kwenye rimoti ya kuua IMU ukiwa hewani. RC option namba 100 inaua ya kwanza, 101 ya pili, na 103 ni ya kulazimisha kuhama leni. Nilifanya kwenye simuleta kwanza, SITL, mpaka nikaridhika, ndo nikafanya kweli, sehemu wazi hamna mtu, droni iko juu ya kutosha, upepo mdogo. Nikabonyeza. Heksa ikatikisika kidogo sana, ukiwa huangalii usingejua, ujumbe ukatokea, ikaendelea kuning'inia palepale. Kwenye X8 vivyo hivyo. Hapo nawapa alama zote bila kinyongo, maana hii ni bakapu niliyoiona kwa macho ikifanya kazi, sio ya kwenye karatasi. PX4 nayo ina EKF nyingi na ina komandi yake ya kupandikiza hitilafu, inaitwa failure, mpaka uiruhusu kwanza kwenye parameta. Kama una mojawapo ya hizi bodi na hujawahi kujaribu hata kwenye simuleta, basi bakapu yako ni imani tu, na naomba sana ujaribu.

Ila hata hapo kwenye IMU kuna mtego, mtetemo. IMU zote tatu zimo kwenye boksi moja, boksi limefungwa kwenye fremu moja, propela ikichubuka ncha inatikisa zote tatu kwa pamoja, kwahiyo kura ya watatu haikusaidii kama wote watatu wanatikiswa na kitu kilekile. Cube wamelishughulikia hili kwa namna ninayoikubali sana, IMU mbili zimekaa kwenye kibao chenye sponji ya kupunguza mtetemo na ya tatu imefungwa ngumu, kwahiyo angalau zinausikia mtetemo tofauti, sio lazima zote zilewe pamoja. 6X nayo ina kibao chake cha IMU chenye kinga ya mtetemo, na kila IMU ina basi yake ya data na umeme wake unaoweza kuzimwa peke yake, kwahiyo chipu moja ikikwama haizibi njia ya zingine, na bodi inaweza kuizima na kuiwasha upya. Kila mmoja kajilinda na kitu tofauti. Zote mbili zina hita ya kuziweka IMU kwenye joto lisilobadilika, maana jairo ya baridi na jairo ya moto hazisomi sawa, na hii ni raha sana kwa anayerusha asubuhi kwenye ubaridi.

We kazi yako ni kufungua logi, ile rekodi ya safari, na kuangalia VIBE, kipimo cha mtetemo. ArduPilot wenyewe wanasema chini ya 30 m/s² uko salama, ukipita 30 matatizo yanaweza kuanza, ukipita 60 karibu kila mara utakuwa na shida ya kushika kimo. Na ile hesabu ya clipping, yaani mara ngapi mtetemo umepita uwezo wa sensa kusoma, inatakiwa ikae sifuri, ikianza kupanda kila safari usiruke tena mpaka ujue kwanini, hata kama machoni droni inaonekana imetulia.

Sasa tuje kwenye lile ambalo boksi halisemi. Ubongo ni mmoja. IMU ni tatu, baromita mbili, lakini prosesa inayoendesha ndege ni moja tu, 6X ina STM32H753, Cube Orange+ ina H757 ambayo ndani ina viini viwili ila ArduPilot inaendesha ndege kwa kimoja. Hapo wengi wanajibu mbona kuna ile prosesa ndogo ya pili, IO, si ndo ya kuokoa? Hapana jamani. IO inatoka enzi za Pixhawk ya kwanza na msaada wake mkubwa ni kwa ndege za mabawa, prosesa kubwa ikifa, IO inaweza kupitisha amri za rimoti moja kwa moja kwenye servo na rubani akaishusha kwa mkono. Kwenye droni ya mota nyingi hakuna cha kupitisha, hakuna binadamu anayeweza kusawazisha mota nane kwa vidole viwili, na IO haina jairo. Kwahiyo prosesa kubwa ikifa kwenye X8 yako, IO inabaki kuangalia tu.

Tena ukiangalia vizuri, IO inaweza kukuongezea hatari. Mota ukizichomeka upande wa MAIN, amri zinatoka prosesa kubwa, zinapita kwenye IO, ndo zifike kwenye ESC, kile kifaa kinachoendesha mota, kwahiyo sasa una prosesa mbili ambazo yoyote ikifa ndege imeanguka. Ukizichomeka AUX zinatoka moja kwa moja. Na hapa ndo 6X inaishinda Cube kwangu bila ubishi, 6X ina matundu 8 ya moja kwa moja na 8 ya IO, Cube ina 6 tu ya moja kwa moja na 8 ya IO. Kwenye heksa Cube inatosha, unaweka zote sita AUX na IO unaisahau. Kwenye mota nane haitoshi, na kuchanganya nusu MAIN nusu AUX sio vizuri maana ucheleweshaji haulingani, kwahiyo unalazimika zote uzipitishe IO au uhamie ESC za CAN, zile zinazopokea amri kwa njia ya mtandao wa data. Hizo za CAN kwa kweli ndo njia safi, bodi zote mbili zina CAN mbili na DroneCAN inakurudishia taarifa za kila mota, joto, mkondo, mzunguko, ila ni kazi nyingine ya kuweka sawa.

Je prosesa ikikwama bila kufa? Kuna mlinzi, watchdog, programu ikiganda kama sekunde mbili hivi inawashwa upya, na ArduPilot inahifadhi hali ya ndege ili ikiamka isianze kuuliza niko wapi, inajua ilikuwa angani na imeinama vipi. Kazi nzuri sana ile na waliowaza hivyo nawaheshimu. Lakini piga hesabu, kitu kinachoanguka bila kushikiliwa kwa sekunde mbili kinashuka karibu mita 20. Ukiwa juu ya mita 100 una nafasi ya kuokoka, labda, kama haijapinduka. Ukiwa mita 15 unafanya ukaguzi wa paa, hamna kitu.

Na hata ungeweka prosesa mbili zenye programu ileile bado hujamaliza, nawaomba mlisome hili taratibu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza, ilikuwa na kompyuta mbili za kujua mwelekeo, moja inafanya kazi na nyingine iko standbai. Programu ilirithiwa kutoka Ariane 4, kuna namba ya biti 64 ilikuwa inageuzwa kuwa ya biti 16, na kwa kasi ya roketi mpya ile namba haikuingia. Ile ya bakapu ndo ilianza kuzima, na ile kuu ikazima kwa sababu ileile baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Roketi ilipasuka sekunde kama 40 tu baada ya kuruka. Kompyuta zote mbili zilikuwa nzima kabisa kama vyuma, zilichofanana ni kosa. Ndo maana Boeing kwenye 777 waliweka kompyuta tatu za kuendesha ndege na ndani ya kila moja njia tatu zenye prosesa za watengenezaji tofauti, walilipa gharama yote hiyo ili kosa moja lisiwe la wote.

Ukirudi kwenye droni zetu hili linagusa mpaka IMU. Kuna matoleo ya hizi bodi yanayochanganya aina za chipu na kuna mengine yana chipu tatu za aina moja, mfano 6X ya matoleo ya karibuni ina ICM-45686 tatu. Chipu yenyewe ni nzuri kuliko za zamani, kelele ni ndogo, na kura inakuwa rahisi maana zote zinasema lugha moja. Lakini kama ile aina ina udhaifu wake, labda mtetemo wa masafa fulani, zinao zote tatu. Mi binafsi kwa ndege inayoruka juu ya watu ningechagua mchanganyiko hata kama moja kati ya hizo tatu ni ya kiwango cha chini kidogo. Wapo wanaonipinga kwa hoja nzuri tu, wanasema afadhali tatu nzuri kuliko mbili nzuri na moja mbovu inayopiga kelele, na kwa droni ya kupima mashamba siwabishii.

Kwa wanaohitaji ubongo zaidi ya mmoja zipo bidhaa za daraja jingine kabisa. MicroPilot wana MP21283X yenye autopailoti tatu, Embention wana Veronte 4x yenye autopailoti tatu na mwamuzi wake aliyejengwa kwa vifaa tofauti na zile tatu ili wasiugue ugonjwa mmoja, wenyewe wanamwita arbita. Sijaziweka kwenye ndege zangu kwahiyo sizipi alama, nazitaja ili ujue kwamba anayetaka akiba ya ubongo haipati kwa kuongeza sensa kwenye Pixhawk, anabadilisha daraja, na uzito na nyaya na matengenezo vinabadilika pia. Ukifika huko swali lako la kwanza liwe kuhusu huyo arbita, yeye akifa nini kinatokea, maana wa kupiga kura wanaweza kuwa watatu ila mhesabu kura akawa mmoja.

Haya, umeme. Hapa ndo naona watu wengi wanapoteza ndege na wala sio kosa la bodi. Bodi zote mbili zina POWER1 na POWER2, moja ikizima inachukua nyingine bila hata kupepesa, nimechomoa moja mezani propela zikiwa zimetolewa na bodi haikujua kama kuna kitu kimetokea zaidi ya kuniandikia. Nzuri kabisa. Sasa nenda kaangalie ndege za watu, pawa moduli mbili, vile vifaa vya kuilisha bodi umeme, zote zimechomekwa kwenye betri moja, kupitia plagi moja ya XT90. Hiyo ni bakapu ya moduli tu, ile plagi ikilegea zote zimeondoka na mota zimeondoka pia. Akiba ya umeme inaanzia kwenye betri, betri mbili, plagi mbili, nyaya mbili zinazopita njia tofauti za fremu, kila moja na moduli yake, na zinakutana kupitia daiodi ili betri iliyokufa isianze kuinyonya nzima. Na vifaa vingine, kamera, kompyuta ndogo ya kubeba, gimbo, vipe umeme wao mbali kabisa, usije kushusha ndege kwa sababu kamera imepiga shoti.

Kwenye X8 wengine wanagawa, betri moja inalisha mota za juu na nyingine za chini, ili betri ikifa ubaki na droni ya mota nne. Wazo zuri, ila fanya hesabu kabla. Kama mota zote nane zinakupa nguvu mara mbili ya uzito, nne zinakupa sawa na uzito na hapo hamna kilichobaki cha kugeukia wala kupambana na upepo, unashuka huku unayumba. Inabidi ianze na nguvu zaidi ya hiyo, na hiyo maana yake ni kubeba mzigo mdogo au kuruka muda mfupi. Mi nimekubali muda mfupi. Bakapu ya kweli unailipia kwa dakika za kuruka, hakuna njia ya mkato, na ukiona fremu inakuahidi zote mbili uliza maswali.

GPS nitapita haraka. Weka mbili, ArduPilot inajua kuchagua iliyo bora au kuzichanganya, sawa. Tahadhari yangu ni kwa wanaotumia GPS mbili za RTK, zile za usahihi wa sentimita, kupata mwelekeo badala ya kompasi, ile ya ZED-F9P mbili. Kwa usahihi ni nzuri mno na inakuondolea balaa la kompasi kusumbuliwa na nyaya za umeme mkubwa, lakini mwelekeo unahitaji zote mbili ziwe hai, kwahiyo umechukua vifaa viwili vya akiba ukavigeuza kitu kimoja kinachotegemea viwili. Usiing'oe kompasi, iache na uisetie iwe ya kurudia. Na GPS mbili haziwezi kitu mbele ya mtu anayeziba mawimbi, zinazibwa zote, kwahiyo jizoeze kurusha bila GPS mpaka mkono uzoee.

Tukija mota, sehemu ambayo bodi inaweza kusaidia lakini fremu ndo inaamua. Mota nne ikifa moja, kwa firimwea ya kawaida umeanguka. Mwaka 2014 Mark Mueller na Raffaello D'Andrea wa ETH Zurich, chuo hichohicho ambako Pixhawk ilianzia, walionyesha kwamba droni ya mota nne inaweza kubaki hewani na ikaelekezwa hata ikipoteza propela moja, mbili, hata tatu, ila sharti ikubali kuzunguka kama pia ya watoto, yaani unaacha kabisa kushika uelekeo wa pua ili ubaki na kimo na mahali. Nayo DJI kwenye Matrice 300 RTK ya mwaka 2020 wakaweka kutua kwa dharura kwa propela tatu. Kwahiyo inawezekana, ila kwenye ArduPilot na droni ya kujengea nyumbani usiitegemee.

Mota sita watu wanaiamini kupita kiasi. Heksa ya kawaida, ile ambayo mota zinapishana moja inazunguka kulia inayofuata kushoto, ikipoteza moja haina tena udhibiti kamili, ili isipinduke inabidi mota ya upande wa pili nayo ipunguzwe sana na hapo nguvu ya kushika pua isigeuke inapotea. Inaweza kutua, lakini inaweza kutua ikizunguka. ArduPilot inajitahidi, ikiona ndege inapewa nguvu yote na bado inashuka inaandika Potential Thrust Loss na namba ya mota, inaichukua ile mota inayosukumwa kuliko zote kwamba ndo iliyokufa, halafu inaacha kuihangaikia na kuruhusu zilizobaki zisukumwe zaidi. Kwenye simuleta heksa yangu ikiwa nyepesi iliokoka na kutua ikizunguka polepole, nikiipa mzigo kamili haikuokoka. Fremu ileile, bodi ileile, tofauti ni uzito tu. Ndo maana heksa yenye Cube siipeleki juu ya watu, hata kama kwenye karatasi ina mota za ziada.

X8 ni habari nyingine. Mota ikifa, mwenzake aliye kwenye mkono huohuo anaongeza nguvu palepale, ndege inashtuka na inaendelea. Unalipia kwa ufanisi maana propela ya chini inafanya kazi kwenye upepo uliochafuliwa na ya juu, na una mota nane badala ya nne kwahiyo nafasi ya moja kufa imeongezeka, lakini kufa kwa moja sio tena mwisho wa safari. Kitu kimoja tu, usitumie zile ESC za nne kwa moja kwenye ndege ya namna hii, bodi moja ikiungua inaondoka na mota nne kwa mpigo na hesabu yote ya X8 inavunjika.

Kuhusu mengine ya kawaida, 6X ina Ethaneti, raha kwa anayebeba kompyuta ndogo. Cube kwenye bodi yake ya chini yenye ADS-B, mawimbi ambayo ndege hutangazia mahali zilipo, inapokea 1090 MHz kwahiyo unaona ndege kubwa zinazokaribia, na hicho ni kitu cha usalama ambacho wengi hawakitumii kabisa. Konekta zao nyingi ni JST-GH zenye kijino cha kujifunga, nzuri, ila jino haliokoi waya uliovutwa, funga waya kwenye fremu sentimita chache kabla ya konekta. Uchaguzi wangu: mota sita chukua yoyote, mota nane chukua 6X.

Namalizia na parashuti, maana ukishakubali kwamba ubongo ni mmoja, kitu pekee kinachobaki ni kitu kisichotegemea ubongo huo. Parashuti iwe na sensa yake, betri yake, na kitufe chake kwenye masafa tofauti na ya rimoti, na ikifunguka izime mota, la sivyo propela zinakata kamba. Kuna kiwango cha ASTM F3322 kwa ajili ya parashuti za droni ndogo, tafuta iliyopimwa kwa hicho, na ipimwe na fremu yako, sio fremu nyingine ya uzito wa karibu. Ukiwa unaomba kibali kwa njia ya SORA, ule utaratibu wa kupima hatari za kurusha droni, parashuti inayoamini autopailoti ileile iliyokufa haitakubeba mbali.

Na hata parashuti inaweza kuwa na roho moja. Mwezi Mei 2019 huko Zurich droni ya Matternet iliyokuwa inafanya kazi ya posta ya Uswisi kubeba sampuli za maabara za hospitali ilipata hitilafu, parashuti ikafunguka kama ilivyotakiwa, lakini kamba iliyoiunganisha na droni ikakatika, droni ikaanguka karibu na watoto waliokuwa wanacheza. Hakuna aliyeumia. Baada ya hapo kamba ikaimarishwa kwa chuma na parashuti ikafungwa sehemu mbili badala ya moja. Kwahiyo mtu akiniletea parashuti nimwambie kama inafaa, kabla ya kusoma inafunguka kwa mita ngapi, mi nageuza chini kuangalia imefungwa kwenye fremu sehemu ngapi, na kama kuna ukingo wowote wa kaboni ambao kamba itausugua ikivutika.